Somo: Kukarabati paa la vioo lililozeeka kwenye majengo ya umma na ya kale

Wakuu, leo ni mapaa makubwa ya vioo yanayofunika ukumbi wa kati: makumbusho, maktaba, stesheni, ofisi za serikali. Yapo ya chuma ya karne ya 19, na yapo ya alumini ya miaka ya 1970 na 1980 ambayo nayo sasa yamechoka. Kote utakuta tiba ileile: maji yakidondoka, fundi anapandishwa na mirija ya silikoni. Masika yajayo yanadondoka hatua mbili pembeni, anapandishwa tena.

Hatua ya 1: Fuata njia ya maji

Maji hayaangukii pale yalipoingilia. Huingia kwenye kiungo cha juu, yakatambaa chini ya fremu mita kadhaa, ndipo yakadondoka. Ligawe paa vipande vipande. Anzia chini kabisa, kwenye gata, mwagia kipande kimoja kwa mpira wa maji kama robo saa, mwenzako akiwa ndani anatazama. Ndani kukibaki kukavu, panda kipande kinachofuata. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lolote.

Uliza pia walinzi na wafagiaji, maana wao ndio wanaolijua paa hilo: je, hudondoka hata siku zisizo na mvua, hasa alfajiri? Basi huo ni unyevu wa ndani unaogeuka matone ukigusa kioo baridi. Silikoni haina kazi hapo. Kunahitajika hewa ya kupita, na vijifereji vya fremu vizibuliwe. Mara nyingi utakuta fundi wa zamani ameviziba kwa silikoni hiyohiyo.

Hatua ya 2: Kagua chuma, tena hadi kwenye msingi

Grand Palais, jumba la maonyesho la Paris lenye paa la vioo, ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1900. Mwaka 1993 riveti (pini ya kuungia vyuma) ilianguka kutoka juu, ukumbi mkuu ukafungwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chini ya msingi, nguzo za mti wa mwaloni zilikuwa zimeoza baada ya maji ya ardhini kushuka. Jengo lilititia, chuma kikavutwa. Ukumbi ulifunguliwa tena mwaka 2005, baada ya msingi kuimarishwa na paa kukarabatiwa. Kwa hiyo pima kama nguzo zote bado ziko usawa mmoja kabla hujaagiza kioo hata kimoja.

Kutu nayo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo inasukuma kioo hadi kipasuke. Ufa unaoanzia ukingoni, tuhumu fremu kwanza. Na chuma cha kumimina usikichomelee ovyo, kitapasuka pembeni ya mshono.

Hatua ya 3: Pima sumu

Rangi za zamani zina madini ya risasi, na baadhi ya fremu ziliwekewa kamba ya asbesto chini ya kioo. Peleka sampuli maabara. Hadi majibu yatoke, hakuna kupiga msasa wala kuchoma rangi kwa moto.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya uzito

Kila milimita ya unene wa kioo ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha zamani cha milimita 6 ni kilo 15. Ukiweka cha kisasa cha pande mbili, yaani vioo viwili vyenye nafasi katikati, milimita 6 juu na 8 chini, ni kilo 35. Paa la mita za mraba 400 linatoka tani 6 kwenda tani 14, na fremu ni ileile ya babu. Hapa lazima mhandisi asaini.

Kioo cha chini, kinachoelekea vichwa vya watu, kiwe cha tabaka, kama cha mbele cha gari. Cha tempa (kilichokomazwa kwa joto) peke yake hapana: chembe ndogo ya salfaidi ya nikeli iliyobaki ndani yake inaweza kukipasua siku isiyo na upepo wala jiwe.

Hatua ya 5: Acha nafasi ya kutanuka

Alumini ya mita 10 hutanuka kama milimita 11 joto likibadilika nyuzi 50; chuma hutanuka takriban 6. Ukizifunga pamoja kwa skrubu bila matundu marefu, kitu kitang'oka. Weka raba au nailoni katikati, la sivyo unyevu wa chumvi utaila alumini.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Jukwaa la kinga chini, turubai juu, fungua eneo dogo kwa wakati mmoja, kila kipande kipewe namba. Rangi fuata maelekezo ya kiwandani. Usikimbilie: Temperate House, jumba la vioo la mimea katika bustani ya Kew, London, ilifungwa mwaka 2013 ikafunguliwa 2018, na vioo kama 15,000 vilibadilishwa. Kwa jengo la urithi, kibali cha mamlaka kije kwanza, na unene wa fremu unaoonekana kutoka chini usibadilike.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Sisi tuko Dar, ukumbi ni tanuri. Tubandike filamu nyeusi?*

Hapana, kama kioo ni cha kawaida au cha waya (chenye wavu wa waya ndani). Filamu inanyonya joto, katikati kunachemka huku ukingo uliofichwa na fremu umepoa, kioo kinapasuka. Fungua matundu ya hewa kileleni, kisha weka kivuli upande wa nje.

*Fundi, kwa nini tusiweke polikaboneti tu, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga? Nyepesi, na bei yake inalipika.*

Kwa kuziba kwa muda, sawa. Kwa kudumu, inageuka njano, inachubuka, na mita 10 zake hutanuka zaidi ya milimita 30 kwa nyuzi hizohizo 50. Mvua ikinyesha, kwa kelele zake maktabani hakusomeki.

*Kioo cha waya kimepata ufa lakini hakijaanguka. Kinaweza kusubiri bajeti?*

Waya unakishikilia, haukiongezei nguvu. Maji yakipita kwenye ufa, waya unaota kutu. Zungushia kamba hapo chini leo, kioo kibadilishwe mapema.

*Kaka, mwenye jengo ana hela ya hatua moja tu. Tuanze na ipi?*

Gata. Ondoa majani na kinyesi cha njiwa, zibua mabomba ya kushushia maji, kisha rudia jaribio la mpira wa maji. Hela ya vioo iamuliwe baada ya hapo.