Kabla hujaanza kuisaka hitilafu ya kumbukumbu ya kudumu ndani ya mashine pepe

Kumbukumbu ya kudumu hukaa kwenye nafasi za RAM na prosesa huisoma baiti kwa baiti, lakini umeme ukikatika haisahau. Tangu Intel ilipotangaza mwaka 2022 kwamba inaachana na Optane, kumbukumbu yake ya kudumu, vifaa hivyo vimekuwa adimu, na wengi wetu tukiletewa taarifa ya hitilafu hatuna pa kuijaribu ila ndani ya mashine pepe. Mara nyingi inatosha. Tatizo ni kwamba mazingira haya hudanganya kimyakimya: jaribio linapita, unaandika kwamba hitilafu haijirudii, kumbe hukuigusa kabisa njia yenye kasoro.

Kwanza ijue hitilafu yenyewe ni ya aina gani. Ikiwa ni ya ramani, yaani programu imelifungua faili kwa mmap (wito unaoliweka faili kwenye anwani za kumbukumbu za programu), uzi mwingine unalifupisha faili lilelile, kisha kerneli inaanguka au inatoa data isiyo yake, mashine pepe inafaa sana, kwa kuwa kerneli ya mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, inapita mlemle inamopita kwenye kifaa halisi. Ikiwa ni ya data kupotea baada ya umeme kukatika, hapo usijisumbue. Kwenye mashine nyingi halisi, kilichoandikwa hubaki kwanza katika kache ya prosesa, kwa vipande vya baiti 64, mpaka programu ikisukume kwa amri kama clwb na kuifuatishia sfence. Asiyesukuma hupoteza. Lakini ukiiua QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, kwa kill -9, kache haipotezi kitu: mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayoibeba, bado yu hai, na kurasa zote bado anazo. Hata programu isiyosukuma chochote itaonekana salama. Hitilafu ya namna hiyo ipeleke kwa pmemcheck, zana ya Valgrind, ambayo hufuatilia kila maandishi yaliyoachwa bila kusukumwa.

Kifaa chenyewe kinaundwa kwa njia mbili. Ya haraka ni kumpa kerneli wa mgeni kigezo memmap=4G!12G, naye atatenga GiB 4 za RAM kuanzia GiB ya 12 na kuziita /dev/pmem0. Mashine lazima iwe na RAM inayofika huko, na ukiizima kabisa data imekwenda. Ninayoipendelea ni ya QEMU: nvdimm=on kwenye -machine, kisha memory-backend-file inayoelekea faili la mwenyeji, na juu yake -device nvdimm. Hapo angalia mambo mawili. Share iwe on, la sivyo maandishi ya mgeni hayafiki kwenye faili. Na maxmem, yaani kikomo cha kumbukumbu yote, itoshe RAM ya kawaida pamoja na ukubwa wa kifaa, na slots, yaani nafasi za kuchomekea, zitoshe idadi ya vifaa. Usichanganye kifaa hiki na virtio-pmem, kifaa kingine cha QEMU cha kumbukumbu ya kudumu. Hicho hakikubali MAP_SYNC, bendera ya mmap inayoiruhusu programu kuhifadhi data kwa kusukuma kache tu, kwa hiyo hitilafu inayopitia MAP_SYNC hutaiona humo hata ukijaribu mwezi mzima.

Sasa lile linalonitia wasiwasi kuliko yote: je, DAX imewaka kweli? DAX, iliyoingia Linux 4.0 mwaka 2015, ndiyo inayoiwezesha programu kuligusa faili moja kwa moja bila kupitia kache ya kurasa. Bila DAX, unachopima ni faili la kawaida kwenye diski ya kawaida. Niliwahi kupoteza siku mbili hivyo. XFS, mfumo wa mafaili niliokuwa nautumia, ilikuwa imeandika kwenye dmesg (kumbukumbu za ujumbe wa kerneli) kwamba inaizima DAX, ikaendelea kupachika kana kwamba hakuna kilichotokea, nami sikusoma. Tangu hapo siamini kigezo nilichoandika mwenyewe. Naamini kinachorudishwa na mfumo. ndctl list, amri inayoorodhesha vifaa vya kumbukumbu ya kudumu, ionyeshe hali ya fsdax. Bloku ya mfumo wa mafaili iwe sawa na ukurasa, yaani baiti 4096 kwenye x86-64. Kwa XFS ya kerneli za zamani, reflink (mafaili kushiriki bloku zilezile) na DAX hazikukaa pamoja, kwa hiyo umbiza kwa reflink=0. Mwisho andika programu fupi inayoita mmap kwa MAP_SHARED_VALIDATE pamoja na MAP_SYNC. DAX ikikosekana, utapata papo hapo kosa la EOPNOTSUPP, yaani jambo hilo haliungwi mkono. Ukitumia MAP_SHARED tupu, bendera ya MAP_SYNC inapuuzwa bila neno, na kipimo chako hakipimi kitu.

Kama taarifa inataja kurasa kubwa za MiB 2, kuna sharti la ziada. Anwani ya ramani, mahali pa kuanzia ndani ya faili, na mahali data ilipo kwenye kifaa vyote viangukie kwenye mpaka wa MiB 2. Kimoja kikikosea, kerneli inarudi kwenye kurasa za KiB 4 na kazi inaendelea vizuri tu, ila njia yenye kasoro haikuguswa. filefrag -v itakuonyesha vipande vya faili vilipo kwenye kifaa.

Ukisaka mbio za nyuzi, yaani nyuzi mbili kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, mpe mgeni prosesa kadhaa na utumie KVM, inayomwendesha moja kwa moja kwenye prosesa halisi. KASAN, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu ndani ya kerneli, inafichua mengi lakini inapunguza kasi na kubadilisha mpangilio wa matukio, kwa hiyo andaa kerneli mbili, yenye KASAN na isiyo nayo. Konsoli ya serial (inayotoa ujumbe wa kerneli kwa mfululizo) ielekeze kwenye faili la mwenyeji, maana kerneli ikianguka, kilichokuwa kwenye skrini ya mgeni hukipati tena.

Faili la nyuma ya kifaa linakilie likiwa safi, mashine ikiwa imezimwa, na kila jaribio lianze na nakala hiyo. Mfumo wa mafaili ulioharibiwa na jaribio la jana huzaa makosa yake mwenyewe. Kisha endesha toleo lilelile la kerneli alilolitaja mwenye taarifa, kwa usanidi wake, mara nyingi za kutosha kujua linaanguka mara ngapi katika mia. Lisipoanguka hata mara moja, git bisect, yaani kutafuta badiliko lililoleta kasoro, isubiri, urudi kwenye dmesg na ndctl list.