Namna ya kuandika malengo ya kujifunza ukiwa mwanafunzi wa shahada ya saikolojia

Nafundisha saikolojia chuo kikuu, na kila muhula unapoanza nawaomba wanafunzi waniandikie wanachotaka kukipata katika kozi. Karatasi nyingi hurudi na maneno yale yale: "kuielewa saikolojia", "kuijua tabia ya binadamu", "kuisaidia jamii", "kupata A". Matamanio haya ni mema. Ila muhula ukiisha, hakuna awezaye kusema kama yametimia, si mwanafunzi wala mimi. Lengo la kujifunza linatakiwa litaje jambo ambalo leo huliwezi na kesho utaliweza, na liseme utamwonyesha mtu nini ili aamini. Fuata hatua hizi hadi upate karatasi moja yenye malengo matatu ya namna hiyo. Tenga alasiri moja, chukua mwongozo wa kozi uliopewa wiki ya kwanza, na penseli, kwa sababu utafuta sana.

Hatua ya 1: Anza na yaliyokwisha kuandikwa

Usianze na karatasi tupu. Mwongozo wa kozi yako una sehemu ya matokeo ya kujifunza, ambayo wanafunzi wengi huiruka ili wafike kwenye ratiba ya tesiti. Isome. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inataka kila programu iwe nayo, na mitihani inatakiwa kutungwa kwa kuyafuata.

Kisha weka pembeni orodha ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA. Mwongozo wao wa shahada ya kwanza uliotoka mwaka 2007 ulikuwa na malengo kumi. Toleo la 2013 liliyakusanya yakawa matano: maarifa ya msingi ya fani, uchunguzi wa kisayansi na fikra tunduizi, maadili na wajibu kwa jamii, mawasiliano, na maandalizi ya kazi. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2023. Ninachokipenda zaidi katika lile la 2013 ni kwamba kila lengo limegawanywa ngazi mbili: anachotarajiwa kukiweza aliyemaliza kozi za misingi, na anachotarajiwa kukiweza anayehitimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asijipime kwa ngazi ya mhitimu.

Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya vyuo vya Marekani, kwa hiyo ichukue kama mifupa tu. Nyama utaitafuta hapa kwetu.

Hatua ya 2: Chagua matatu

Matatu kwa muhula yanatosha. Moja litoke kwenye maarifa ya fani, moja kwenye uchunguzi wa kisayansi, na la tatu liwe la maadili. Mawasiliano na maandalizi ya kazi yataingia yenyewe, maana kila ushahidi utakaoutoa utauandika au utausema mbele za watu.

Hatua ya 3: Badilisha kitenzi

Benjamin Bloom na wenzake walitoa mwaka 1956 mpangilio wa ngazi za kujifunza, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2001. Kwa mpangilio huo mpya ngazi ni sita: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani kisha wanaziacha hapo. Mimi nataka uzitumie kwenye malengo yako mwenyewe, na mfano wake tuuchukue karibu na nyumbani.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala. Alichagua familia 26 za Waganda zilizokuwa na watoto wachanga ambao bado hawajaachishwa ziwa, akazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa muda uliofika hadi miezi tisa. Alikaa sebuleni alasiri pamoja na mkalimani, wakati ambao akina mama wa Kiganda walikuwa wamezoea kupokea wageni. Aliangalia mtoto anamfuata nani, analia nani akitoka, anarudi kwa nani akiogopa. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi, inayofundishwa leo duniani kote, ina mzizi mmoja mkubwa katika sebule hizo.

Sasa tazama lengo linavyobadilika. "Nitaje Ainsworth alifanya utafiti wapi na lini" ni kukumbuka. Linakutosha kwa swali la alama mbili. "Nieleze kwa maneno yangu, kwa mtu asiyesoma saikolojia, mtoto aliyeshikamana salama na mlezi wake anafanyaje" ni kuelewa. "Nichukue ukurasa mmoja wa maelezo ya utafiti ule, nitenge alichokiona mtafiti na alichokihitimisha" ni kuchambua, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ya kisaikolojia kweli. Ukipanda zaidi unafika kwenye kutathmini. Baadaye, huko Baltimore, Ainsworth alibuni jaribio la chumbani ambamo mama anatoka na kumwacha mtoto na mtu asiyemjua kwa dakika chache. Je, jaribio hilo linamfaa mtoto wa Temeke aliyelelewa na mama, bibi, shangazi na dada wa kazi kwa zamu, ambaye kubebwa na mtu mpya ni jambo la kila siku? Lengo zuri la mwaka wa pili ni hili: "Niandike kurasa mbili nikitetea jibu langu kwa swali hilo, nikitaja ushahidi wa pande zote mbili."

Chagua ngazi inayokupasa sasa. Ila neno "kuelewa" ukiliandika, nakuomba ulifute uandike kitendo ambacho mwenzako anaweza kukiona.

Hatua ya 4: Andika ushahidi kabla ya kumaliza lengo

Hatua hii ndiyo inayoamua yote. Jiulize: siku ya mwisho ya muhula nitaweka nini mezani?

Chukua lengo ninalokutana nalo kila mwaka: "Nataka kuijua takwimu." Liboreshe kidogo: "Nijue kusoma jedwali la matokeo." Bado halionekani. Sasa liandike hivi: "Kufikia wiki ya 12, nikipewa jedwali la utafiti ambao sijawahi kuuona, niandike kwa dakika 20 sentensi nne: washiriki walifanyiwa nini, kipi kilitofautiana, kwa kiasi gani, na jambo gani matokeo hayaturuhusu kulisema."

Tujaribu pamoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi lingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 na waliojijaribu asilimia 71. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, na waliojijaribu asilimia 61.

Sentensi zako nne zingeweza kuwa hivi:

"Wanafunzi walijifunza kifungu ama kwa kukirudia kukisoma ama kwa kujijaribu kukikumbuka. Waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliongoza waliojijaribu. Tofauti baada ya wiki ilikuwa pointi 21 za asilimia. Matokeo haya peke yake hayathibitishi kwamba ingekuwa hivyo kwa hesabu au ujuzi wa mikono, wala kwa wanafunzi wasiosoma kwa lugha yao ya kwanza."

Sentensi ya nne ndiyo ninayoitafuta ninaposahihisha. Huwezi kuiandika kwa kukariri. Lazima uwe umefikiri nani alipimwa na kwa kitu gani. Na uzoefu huo tunauhitaji sana katika fani yetu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika zile za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuyaeleza kwa bahati tu. Ziliporudiwa, zilikuwa asilimia 36 tu. Mwanafunzi anayejua kuandika ile sentensi ya nne hatatikiswa na habari hiyo, na wala hataitumia kudharau saikolojia nzima.

(Umeona pia kwamba jedwali hilo linakufundisha namna ya kujisomea? Funga daftari, andika unachokumbuka, ndipo ufungue. Kupaka rangi mistari na kurudia kusoma kunakupa raha ya kudhani unajua.)

Hatua ya 5: Lipe lengo siku, saa na mahali

Peter Gollwitzer alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mtu aliyepanga kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutimiza zaidi kuliko mwenye nia tupu. Andika: "Semina ya Jumanne ikiisha saa kumi, nitaenda maktaba moja kwa moja na kuandika sentensi nne za jedwali moja." Kikwazo nacho kipangie: "Umeme ukikatika, nitatumia jedwali nililonakili daftarini." Sentensi mbili kwa kila lengo zinatosha.

Hatua ya 6: Lengo la maadili liwe zito kama mengine

Wengi huandika hapa "kuzingatia maadili" wakaendelea mbele. Sikubali, kwa sababu hili ndilo lengo ambalo ukilikosa anaumia mtu mwingine.

Mfano uliopo karibu nawe ni PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ambalo wanafunzi wetu hulipenda kwa utafiti wa mwaka wa tatu kwa kuwa ni fupi na lina matoleo ya Kiswahili. Lina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Swali la tisa linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni heri angekufa, au mawazo ya kujidhuru. Sasa umegawa madodoso hosteli, umeyakusanya, na usiku unaingiza majibu kwenye kompyuta. Dodoso moja lina alama 3 kwenye swali la tisa. Halina jina, maana uliahidi usiri. Utafanya nini?

Ukianza kulifikiria swali hilo usiku huo, umechelewa. Lengo lako liwe: "Kabla sijakusanya jibu hata moja, niwe na ukurasa mmoja uliosainiwa na msimamizi wangu unaoeleza: fomu ya ridhaa inasema nini juu ya mipaka ya usiri, nitalitazama swali la tisa papo hapo mshiriki akiwa bado yupo, nani nitamkabidhi, kwa namba gani ya simu, na majibu yatahifadhiwa wapi." Ushahidi ni ukurasa huo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Taarifa za afya ya mtu ni nyeti kwa sheria zote mbili, kwa hiyo picha za madodoso hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Kwa mwaka wa kwanza, ambao bado hawafanyi utafiti, lengo liwe la mipaka. Mtaani ukishasema unasoma saikolojia, watu watakuletea ndoa zao na watoto wao. Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya kusajili wanasihi na wanasaikolojia, kwa sababu kazi hii si ya kila aliyekaa darasani. Andika: "Jirani au mwenzangu wa chumba akiniletea tatizo zito, niweze kumsikiliza bila kumpa jina la ugonjwa, na nimtajie mahali pawili pa kupata msaada." Kisha nenda ukapatafute mahali hapo pawili wiki hii: ofisi ya unasihi ya chuo iko jengo gani, inafunguliwa siku zipi, na hospitali ipi iliyo karibu ina kliniki ya afya ya akili.

Hatua ya 7: Mpe mwenzako asome

Badilishaneni karatasi. Kazi ya msomaji ni kuuliza swali moja kwa kila lengo: "Utanionyesha nini?" Mwenye karatasi akianza kueleza kwa mdomo jambo ambalo halimo kwenye maandishi, aliongeze hapo hapo. Msomaji asiporidhika na jibu, lengo lirudi hatua ya tatu. Katikati ya muhula mkutane tena, kila mmoja akiwa na ushahidi aliokwisha kuupata hata kama ni mbovu. Lengo linaloonekana kubwa mno lipunguzwe sasa, na lililokwisha kutimia lipandishwe ngazi.

Karatasi ikishakamilika, ipeleke kwa mshauri wako wa masomo kabla ya wiki ya tatu kwisha. Tesiti za kwanza zikishaanza ofisi zetu hujaa foleni za alama na vibali, na hakutakuwa na nafasi ya kukaa na wewe kuyajadili mstari kwa mstari. Nenda na nakala mbili: moja abaki nayo, na nyingine umwombe akuandikie tarehe ya kuonana tena.