Kufundisha mchezo wa upanga wa kale Lamu: fimbo kwanza, chuma baadaye

Kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Waswahili, kingali hai Lamu. Wakati wa Maulidi na arusini, watu wawili huingia duarani na fimbo zao, zumari inalia, ngoma zinapigwa, na waliosimama pembeni wanajua nani ana mkono mzuri. Kijana aliyekulia katika hali hiyo akija kujifunza upanga wa kale wa Ulaya, anakuja na jicho lisilofumba fimbo inapomjia. Huo ni mtaji mkubwa kwa mwalimu. Hata hivyo, kirumbizi kina wenyewe, kina adabu zake na mdundo wake. Upanga wa Ulaya nao una mabingwa wake na vitabu vyake. Fundisha kila kimoja kwa jina lake. Ukimwambia mwanafunzi kwamba mkao wa Mtaliano wa karne ya 16 ni kirumbizi tu, watakaokuja baada yake hawataweza tena kuvitenganisha.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanzisha kikundi kidogo, watu 6 hadi 12. Msimamo wetu ni huu: kinachopaswa kuhifadhiwa ni sababu ya kila tendo. Umbo lisilo na sababu hugeuka maigizo, hata kama mikono inapita pale pale ilipopita ya wazee.

Upanga wa kale una matawi mawili. La kwanza linafufuliwa kutoka kwenye maandishi. Kongwe kuliko yote ya Ulaya yaliyobaki ni muswada wa mwaka 1300 hivi, uliohifadhiwa Leeds, Uingereza, unaoonyesha upanga na ngao ndogo. La pili ni ufundi wa karne ya 19, ulioendelea kufundishwa mkono kwa mkono mpaka vifaa vya umeme vilipoingia kwenye mashindano: epee katika Olimpiki ya 1936, foili katika miaka ya 1950, zote mbili panga nyembamba za kuchoma. Taa za vifaa hivyo huonyesha aliyegusa. Ufundi wa zamani huuliza swali gumu zaidi: je, uligusa bila wewe kuguswa? Swali hilo lisipoulizwa kila siku ya mazoezi, mnachofanya ni mchezo mwingine.

Fimbo

Anzeni na fimbo ya henzirani yenye urefu wa sentimita 95 na unene wa sentimita 2.4 hivi. Uzito wake utakuwa karibu gramu 250, na mkono wa mtu mzima ambaye hajazoea utaweza kuusimamisha popote. Henzirani ikichoka huchanika nyuzi nyuzi, haivunjiki kwa ncha kali. Fito za mikoko zinapatikana kwa urahisi Lamu, lakini ni nzito na ngumu mno: pigo la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza likipotea, huvunja kidole. Bakora nzuri ya mtobwe nayo iachwe kwa ngoma na matembezi.

Kinga ya mkono mtengeneze wenyewe. Kata duara la sentimita 13 kutoka kwenye dumu la plastiki la lita 20, toboa tundu katikati linalobana fimbo, lisukume mpaka sentimita 14 kutoka mwisho wa mshiko, kisha lizuie kwa kuzungusha vipande vya mpira wa baiskeli juu na chini yake. Duara hilo huzuia fimbo inayoteleza kuelekea vidole. Pigo linalotua moja kwa moja halilizuii, kwa hiyo glovu nene zenye sponji juu ya vifundo ni lazima tangu siku ya kwanza.

Miguu mchangani

Pwani ya Shela maji yakishatoka kuna mchanga mbichi mgumu, na hakuna ubao wa kufundishia unaoushinda. Chora mstari mmoja mrefu. Mguu wa mbele uwe juu ya mstari, vidole vikimwelekea mpinzani. Wa nyuma ukate mstari kwa pembe mraba, kisigino juu ya mstari. Kati ya visigino viwili paenee urefu wa nyayo mbili zako mwenyewe. Magoti yakunjwe kiasi cha kuweza kuondoka bila kwanza kuinama.

Mwanafunzi aende mbele hatua 10, kila mara mguu wa mbele ukitangulia, kisha mrudi pamoja kusoma alama. Mfereji nyuma ya kisigino unaonyesha mguu wa nyuma unaburutwa, maana uzito wote umelala mbele na hataweza kurudi nyuma akishambuliwa. Alama zinazokaribiana kadiri anavyokwenda zinaonyesha mkao unafunga, naye atayumba atakapopigwa kwa pembeni. Alama za vidole zilizozama kuliko visigino ni za mtu anayemwinamia mpinzani kwa uso. Mchanga mkavu wa juu haufai kwa kazi hii. Mguu unazama na goti linapinda.

Umbali

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mweke mmoja mbele ya mwenzake, anyooshe mkono wenye fimbo bila kusogeza mguu. Ncha ikifika kifuani, wamekaribiana mno: kwa umbali huo hakuna jicho linalowahi kukinga. Arudi nyuma mpaka ahitaji hatua moja kamili ndipo amfikie mwenzake. Kila zoezi lianzie hapo. Kisha mmoja atembee mbele na nyuma apendavyo, mwingine aulinde umbali huo, dakika 2, bila pigo hata moja. Wengi wataona zoezi hili halina maana, na hao hao ndio watakaopigwa kwanza.

Kutokana na umbali huo inazaliwa kanuni ya mkono kuutangulia mguu. George Silver, Mwingereza aliyeandika mwaka 1599, aliisisitiza sana. Ukitanguliza mguu, umemletea mpinzani mwili wako huku fimbo yako bado iko njiani. Ukitanguliza mkono, fimbo inakulinda wewe unayeingia. Kosa hili halionekani kwa urahisi ukimtazama mwanafunzi usoni. Simama ubavuni kwake, utazame kiwiko na kidole gumba cha mguu wa mbele: kiwiko kianze.

Pigo la kweli

Chora ukutani duara lenye kitovu usawa wa kifua, upitishe mistari ya mapigo 7 kama jeshi la Uingereza lilivyofundisha katika karne ya 19. La 1 na la 2 hushuka kwa mshazari, kulia kisha kushoto. La 3 na la 4 hupanda kwa njia zile zile. La 5 na la 6 hukata kwa mlalo, na la 7 hushuka wima. Mapigo 10 kwa kila mstari, polepole, yatosha kwa siku. Bega likipanda masikioni, simamisha zoezi.

Kisha wapange wawili wawili, na hapo ndipo ugonjwa mkubwa unapoanza. Mwanafunzi anagundua kwamba fimbo zikigongana zinatoa mlio mzuri, anaanza kuilenga fimbo ya mwenzake badala ya kumlenga mwenzake. Mwenzake naye anakinga pigo ambalo lisingemfikia. Kwa mtazamaji ni mchezo wa kupendeza, lakini wote wawili wanazoeza mikono yao uongo, na uongo huo hauondoki wakishazoea. Mpime hivi: vinyago usoni, mwendo wa polepole, anayeshambuliwa asimame tuli bila kukinga. Fimbo ikipita hewani mbele yake, pigo lilikuwa la uongo. Litue begani au juu ya kinyago, kwa wepesi. Anayekupiga kweli kwa upole anakufundisha; anayekukosa kwa makusudi anakudanganya.

Kinga nayo ina sababu yake. Theluthi ya fimbo iliyo karibu na mkono ni shina, na theluthi ya mwisho ni ncha. Kinga kwa shina dhidi ya ncha ya mpinzani, kwa sababu fimbo ni wenzo: karibu na mkono una nguvu, mbali na mkono huna. Hata mtoto akikinga kwa shina anaweza kumzuia mtu mzima. Aliyezoea kukimbiza mkono nje kulifuata pigo ameshajifungua upande wa pili. Baada ya kukinga, ncha yake ibaki ndani ya upana wa mabega ya mpinzani. Na kinga isiyofuatwa na jibu haijakamilika.

Somo la mmoja mmoja

Hii ndiyo hazina ya tawi la karne ya 19, na ndiyo inayopotea kwanza kikundi kikiwa na haraka. Dakika 10 hadi 15, mwalimu na mwanafunzi mmoja, wengine wakiendelea na mazoezi yao. Mwalimu anasogeza fimbo yake pembeni kwa upana wa kiganja. Mwanafunzi anapiga mahali palipofunguka. Mwalimu anafunga, mwanafunzi anatulia. Baada ya mapigo machache, mwalimu anatikisa bega bila kufungua kitu. Mwanafunzi akirukia, ataikuta fimbo imemngoja kifuani. Usimwambie kosa lake. Rudia mpaka aanze kuona mwenyewe.

Mwalimu akubali kupigwa. Anayeshinda kila somo anajifundisha mwenyewe. Mwendo uwe ule ambao mwanafunzi anafaulu mara 7 kati ya 10: akifaulu zaidi, ongeza kasi kidogo; akipungukiwa, rudi nyuma.

Chuma

Mwanafunzi apewe chuma akiweza kulisimamisha pigo la nguvu upana wa kiganja kabla ya kinyago, mara 10 mfululizo, hata mkono ukiwa umechoka. Upanga wa mazoezi hauna makali: ukingo milimita 2 au zaidi, ncha iliyokunjwa au kutanuliwa. Kinyago kinunuliwe, kisitengenezwe. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona koti la tabaka kadhaa za kitambaa cha marekani linalofaa kwa fimbo, lakini kwa mchomo wa chuma panatakiwa kitambaa kilichopimwa kustahimili nguvu ya nyutoni 350, pamoja na kinga ya koo na ya kisogo, maana kinyago cha kawaida huacha kisogo wazi.

Hewa ya Lamu ina chumvi, nayo haisamehe. Baada ya kila mazoezi futa upanga kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, ukaushe kabisa, upake mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni. Usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi. Meno yanayochomoza ukingoni yaondolewe kwa tupa siku hiyo hiyo, kwani yanachana glovu. Kinyago kikaguliwe kila wiki kwenye mishono ya wavu: bonyeza kwa kidole gumba, na wavu ukibonyea, kinyago kitupwe.

Fanyeni kazi baada ya alasiri, mmalize kabla ya magharibi. Mapambano yawe ya dakika 3, kisha vinyago vivuliwe, mkae kivulini, mnywe maji. Mchana wa Ramadhani hakuna mapambano.

Kurekodi

Picha za miswada ya kale zina kasoro moja kubwa: zinaonyesha mwanzo na mwisho wa tendo, na njia ya katikati watu wanabishania mpaka leo. Msiwaachie wajukuu wenu ubishi huo kuhusu kirumbizi. Ombeni ruhusa ya wazee kabla ya kutoa simu. Rekodini kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, ubavuni na juu darini, picha 60 kwa sekunde, juani, la sivyo fimbo itaonekana kama ukungu. Ngoma na zumari zirekodiwe pia peke yake.

Kisha kaeni na mzee mbele ya picha hizo. Swali la "hapa unafanya nini?" huleta majibu mafupi. Muulizeni: "Mzee wangu, mtu akikosea hapa, hupigwa wapi?" Hapo ndipo sababu inapotoka, kwa kawaida pamoja na mkono wake kunyoosha kukuonyesha. Andikeni kwa safu tatu: alichofanya, alichosema yeye, na mnachodhani ninyi. Safu ya tatu iandikwe kwa kalamu ya rangi nyingine, isije ikasomwa baadaye kama neno la mzee. Nakala moja ibaki kwa wazee wenyewe, nyingine ipelekwe Makumbusho ya Lamu.

Kuanzia mwezi wa sita, kila mwanafunzi apewe mgeni mmoja wa kumfundisha somo la umbali, mwalimu akisikiliza bila kuingilia. Kila swali la mgeni analoshindwa kulijibu liandikwe, na mazoezi ya wiki inayofuata yaanze na maswali hayo.