Likizo ya familia kutoka Mwanza: kupanga tiketi za ndege, gari la kukodi na kupanda daraja la kiti

Mpango huu ni wa familia ya watu watano hadi saba inayotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, Zanzibar au nje ya nchi, au inayobaki Kanda ya Ziwa na kuzunguka kwa gari. Fuata hatua kwa mfuatano wake. Wengi huanza na bei ya tiketi, halafu ndipo wanagundua cheti cha mtoto hakionekani, au gari waliloahidiwa halimezi mabegi yao. Gharama ya kurekebisha hayo huzidi punguzo walilokuwa wakilikimbilia.

Hatua ya 1: Majina na umri kabla ya bei

Chukua karatasi, uandike kila msafiri: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Nakili ukiwa umeshika kitambulisho chenyewe, usiandike kwa kukumbuka. Watu wazima watumie kitambulisho cha NIDA au pasipoti, watoto cheti cha kuzaliwa cha RITA. Dada wa kazi akiwemo, naye aandikwe kwa jina la kitambulisho chake, si lile mnalomwitia nyumbani.

Kosa la kawaida liko kwa watoto: shuleni anatumia jina la babu, kwenye cheti lipo la baba, na mama amekata tiketi kwa jina la shuleni. Herufi moja iliyokosewa hurekebishika bila shida kubwa. Kubadilisha jina zima, mashirika mengi huhesabu kuwa ni tiketi mpya. Kumbuka pia kwamba tiketi hutanguliza jina la ukoo: MASANJA/NEEMA ndiyo sawa, mfumo haujageuza kitu.

Kwenye umri, sheria ni hizi. Ambaye hajatimiza miaka 2 hukaa mapajani na hulipa sehemu ndogo ya nauli. Kwa safari za nje mara nyingi ni asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Wa miaka 2 hadi 11 ana kiti chake na hulipa nauli ya mtoto. Kuanzia miaka 12 ni mtu mzima. Umri huhesabiwa kwa siku ya kila ndege. Mtoto anayetimiza miaka 2 tarehe 20 Desemba ataenda tarehe 15 akiwa mapajani, lakini kurudi tarehe 28 lazima awe na kiti. Usipoliweka hilo mapema, utauziwa kiti hicho kwa bei ya dakika za mwisho, kama bado kipo. Mtu mzima mmoja hubeba mtoto mmoja tu mapajani, kwa hiyo mama mwenye mapacha ahesabu mtu mzima wa pili au kiti cha ziada.

Kwa safari ya nje kila mtoto ana pasipoti yake, hata mchanga, na nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, abebe barua ya idhini ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Bibi mwenye magoti mabovu aombewe kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi. Huduma hiyo kwa kawaida ni bure, ila ikiombwa getini huchelewa.

Hatua ya 2: Tafuta nauli ya mtu mmoja, kisha ya wote

Hapa ndipo familia zinapopoteza pesa bila kujua. Ndege moja huuzwa kwa ngazi nyingi za nauli, na kila ngazi ina viti vyake vichache. Ngazi ya chini ikiwa imebakiza viti vitatu nawe ukatafuta vya watu watano, mfumo hauwezi kugawa: huwapandisha wote watano kwenye ngazi ya juu.

Fanya hivi. Tafuta kwanza kwa mtu mzima mmoja, uandike bei. Tafuta tena kwa watu wote. Bei ya kila mtu ikiwa imepanda, punguza mmoja mmoja mpaka uone inapokatika. Kisha kata tiketi kwa mafungu mawili: baba na watoto wawili kwenye nauli ya chini, mama na mwingine kwenye ile ya juu. Usimwache mtoto kwenye fungu lisilo na mtu mzima. Ukimaliza, pigia shirika simu waunganishe mafungu hayo kwa maelezo, ili ndege ikiahirishwa msihamishiwe siku tofauti.

Likizo ndefu za shule huangukia Juni na Desemba, na nauli ya Mwanza–Dar huwa kali siku shule zinapofungwa na wiki ya Krismasi. Kusogeza safari kwa siku mbili tatu, hasa kuihamishia katikati ya wiki, husaidia kuliko kuvizia matangazo ya punguzo.

Kama mnaunganisha ndege Dar, jaribu sana tiketi iwe moja mpaka mwisho wa safari. Tiketi mbili tofauti zikichelewana, shirika la pili halina deni na wewe. Ndege za nje huondokea Jengo la 3, na la ndani mnalofikia ni jengo lingine. Kuna kuchukua mabegi, kutoka nje, kupanda gari na kupanga foleni upya, huku mna watoto. Kwa tiketi zilizotengana, weka saa 5 hadi 6 katikati. Kama ndege ya nje ni ya alfajiri, laleni Dar.

Halafu saa. Tiketi hufuata saa 24 na siku yake huanza usiku wa manane. 06:10 ni saa 12:10 asubuhi, 13:40 ni saa 7:40 mchana, 21:30 ni saa 3:30 usiku. Hatari zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane: tiketi ya tarehe 18 saa 00:40 maana yake mnaondoka nyumbani jioni ya tarehe 17. Iandike kwa Kiswahili kwenye ile karatasi yenu, kwa maneno: "Jumanne usiku, kuamkia Jumatano".

Hatua ya 3: Lipa, kisha hakikisha ni tiketi kweli

Nafasi iliyowekwa bila kulipiwa ina muda, ukipita, inajifuta. Ukilipa kwa namba ya malipo kupitia simu, angalia kikomo chako cha muamala kwa siku kabla hujaanza, maana tiketi za watu watano hukivuka kirahisi. Kwa kadi ya benki, washa kwanza huduma ya manunuzi ya mtandaoni kwenye programu ya benki. Kadi nyingi huja huduma hiyo ikiwa imefungwa.

Wakala akikutumia herufi na tarakimu sita, hiyo ni namba ya nafasi tu. Tiketi halisi ina namba ya tarakimu 13, moja kwa kila msafiri. Ingia tovuti ya shirika siku hiyo hiyo, weka zile herufi sita na jina la ukoo, uone majina yote na hizo tarakimu 13. Kama hazipo, hamjakatiwa tiketi, hata kama risiti ya wakala ina mhuri.

Hatua ya 4: Mizigo

Kilo 23 kwa mtu ndicho kipimo kilichozoeleka daraja la kawaida, lakini soma tiketi yako, kwani nauli za chini kabisa huweza kuwa na pungufu. Mtoto wa mapajani hana haki sawa ya mzigo. Mkipanda ndege ndogo aina ya Caravan kuelekea hifadhini, kipimo cha kawaida ni kilo 15, tena kwenye begi laini. Sanduku gumu la magurudumu litaachwa. Betri za akiba za simu huenda kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida ni Wh 100, yaani kama mAh 27,000.

Na samaki, maana hakuna anayetoka Mwanza mikono mitupu. Sato au minofu ya sangara igandishwe usiku mzima mpaka iwe jiwe, ifungwe kwenye mifuko miwili ya nailoni inayofaa chakula, iingie kwenye boksi la povu gumu (styrofoam), lizungushiwe gundi ya utepe kila ungio. Barafu ya maji usiweke. Ikiyeyuka na kuvuja, boksi linakataliwa kaunta. Dagaa wakavu hawavuji, ila harufu yao hupenya kitambaa, kwa hiyo ndoo yenye mfuniko wa kubana ni bora kuliko begi. Boksi hilo lina kilo zake: liweke kwenye hesabu ya mzigo tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Kupanda daraja, kama kuna sababu

Mwanza–Dar ni kama saa moja na nusu hewani. Kulipia daraja la biashara hapo ni kununua kiti kipana cha kunywea juisi moja. Isitoshe, ndege nyingine za pangaboi zina daraja moja tu. Pesa hiyo ielekeze kwenye ndege ya saa nzuri, begi la ziada, au gari zuri zaidi.

Kwa safari ya nje, chukua tofauti ya bei uigawe kwa saa za kuwa hewani. Dar hadi Doha au Dubai ni kati ya saa 5 na 6. Hapo daraja la juu lina maana zaidi ndege ikiwa ya usiku. Angalia unapandishwa kwenye kipande kipi cha safari. Kuna wanaolipia kipande kifupi cha mwanzo, kisha wanakaa ekonomi saa nane zinazofuata.

Njia ni tatu: kununua daraja hilo tangu mwanzo, kutumia pointi ulizokusanya kwa shirika, au kutoa dau, yaani kutaja bei uliyo tayari kulipa, pale shirika linapokutumia barua pepe. Dau lina mitego kwa familia. Kwa kawaida bei unayotaja ni ya mtu mmoja kwa kipande kimoja, na huhusu wote walio kwenye namba moja ya nafasi. Watu watano ni mara tano. Likikubaliwa kadi inakatwa papo hapo na hakuna kurudishiwa. Na kilo za mzigo huweza kubaki zile za tiketi ya awali. Ukitaka bibi peke yake apande, kata nafasi yake kando tangu mwanzo.

Mwenye mtoto mchanga aombe safu ya mbele yenye kitanda cha kuning'iniza, ambacho hakigharimu kama daraja la juu. Kina kikomo cha uzito, kwa hiyo taja kilo za mtoto unapoomba. Kwenye Airbus A220, safu ina viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili: familia ya watano inajaza safu moja kamili. Chagueni viti mapema.

Hatua ya 6: Gari

Noah au Alphard husemwa ni ya watu saba, lakini viti vyote vikikaliwa, nyuma hubaki nafasi ya mabegi mawili tu. Watu saba na mabegi yao wanahitaji HiAce au magari mawili.

Uliza kabla ya kukubaliana bei: siku ni saa 12 au 24? Kuna kikomo cha kilomita? Mafuta ni ya nani? Posho na malazi ya dereva yamo? Bei italipwa kwa shilingi. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutoza kwa dola bidhaa na huduma za humu nchini. Yaandikeni, hata kwenye nusu karatasi, na wote wawili mtie sahihi.

Kisha bima. Namba za njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Gari la namba ya njano lenye bima ya matumizi binafsi, likipata ajali likiwa limekodishwa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Bima ndogo hulipa hasara ya mtu wa tatu pekee. Gari lenyewe litabaki juu ya mgongo wako. Taka bima kubwa inayotaja ukodishaji, uithibitishe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Kwa namba hiyo hiyo angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki, upige picha ya skrini.

Kagua mchana. Rekodi video ukizunguka gari zima, ikiwemo dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi hilo lina umri wa kukufanya uombe jingine. Gusa tairi la akiba uone lina upepo. Hakikisha kuna jeki, spana ya magurudumu, pembe tatu za tahadhari na mtungi wa zimamoto ambao muda wake haujaisha. Mikanda ya viti vya nyuma mara nyingi imesukumwa chini ya viti. Itoe, uifunge mmoja mmoja. Kiti cha mtoto usikitegemee, beba chako.

Kwa Serengeti, lango la karibu na Mwanza ni Ndabaka, baada ya Lamadi kwenye barabara ya Musoma; ni kama saa mbili. Ukanda wa magharibi una udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha hunata kama ugali, kwa hiyo Machi hadi Mei usiende bila gari la kuvuta magurudumu yote manne. Ada hazilipwi kwa pesa taslimu. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Anayefikiria kukatiza mpaka Arusha ajue atalipa Serengeti na kisha Ngorongoro, ambayo ni mamlaka nyingine kabisa.

Kwa Geita, Chato au Bukoba, tupa makadirio ya zamani yenye muda wa kusubiri kivuko: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025.

Siku ya kurudisha, jaza mafuta kufikia alama ile ile, rekodi video nyingine mwenye gari akiwepo, ufungue tena mfumo wa trafiki mbele yake. Faini iliyoandikwa ndani ya siku zako ilipe hapo hapo, ya tarehe nyingine mwonyeshe ile picha ya skrini. Dhamana yako irudi kabla hujamkabidhi funguo.