Somo: Namna ya kusoma hesabu za mwenye njia ya reli, kwa mfano wa Network Rail ya Uingereza

Ripoti ya shirika la reli ikitoka, mjadala wote hukimbilia mstari mmoja: limepata faida au hasara? Kwa shirika linalomiliki njia yenyewe, yaani reli, mataruma, madaraja, mahandaki na mitambo ya ishara, mstari huo ndio wa mwisho kuutazama. Nimechagua Network Rail kwa sababu haiendeshi treni za abiria. Kazi yake ni njia, kwa hiyo hesabu zake hazijachanganyika na nauli. Tena mtangulizi wake, Railtrack, ameacha funzo ambalo ningependa kila mlipa kodi wa nchi inayojenga reli alijue.

Hatua ya 1: Jua anamiliki nini na nani anamlipa

Network Rail ina takriban kilomita 32,000 za reli ukihesabu kila njia peke yake, na madaraja na mahandaki yapatayo 30,000. Inasimamia yenyewe stesheni 20 kubwa; nyingine nyingi imezikodisha kwa waendeshaji wa treni.

Mapato yake yana vyanzo viwili vikubwa: ada ambazo waendeshaji hulipa ili kupita, na ruzuku ya serikali. Kodi za maduka stesheni ni nyongeza. Angalia mizani kati ya ada na ruzuku, kisha tafuta mapato yanayokuja mara moja tu. Mwaka 2019 Network Rail iliuza majengo ya biashara yapatayo 5,200, mengi yakiwa vyumba vilivyo chini ya matao ya madaraja, kwa pauni bilioni 1.46. Fedha kama hizo haziwezi kurudi mwaka unaofuata, na ile kodi ya pango nayo imeondoka.

Hatua ya 2: Tenganisha mafungu matatu ya matumizi

La kwanza ni matengenezo ya kila siku: kukaza, kushindilia kokoto, kufyeka, kukagua. La pili ni kubadilisha vilivyochakaa: reli mpya badala ya kuukuu, daraja jipya mahali pa lililochoka. La tatu ni ujenzi wa kuongeza uwezo, kama kuweka umeme kwenye njia ya dizeli.

Wanasiasa hulipenda fungu la tatu kwa sababu lina utepe wa kukata. Ndilo pia linalopasua bajeti. Gharama ya kuweka umeme kwenye njia ya Great Western, kutoka London kuelekea Wales, ilipanda kutoka pauni bilioni 1.6 hadi 2.8 ndani ya takriban mwaka mmoja, ilipofika 2015.

Linganisha matumizi na mpango, usiyalinganishe na mwaka uliopita tu. Uingereza hupanga kwa miaka mitano mitano. Kipindi cha sasa kilianza Aprili 2024 na kitaisha Machi 2029, kwa takriban pauni bilioni 43, na mdhibiti anayejitegemea ndiye anayepitisha hesabu hizo.

Hatua ya 3: Tafuta hali ya njia kabla hujatazama faida

Hapa msiharakishe.

Railtrack ilikabidhiwa njia mwaka 1994 na hisa zake zikauzwa sokoni mwaka 1996. Ilipata faida na kuwagawia wanahisa. Matengenezo yalifanywa na wakandarasi, na kampuni yenyewe ikapoteza ufahamu wa hali halisi ya mali yake, kama mwenye nyumba anayepokea kodi bila kupanda kutazama paa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 reli zilizovunjika zilifikia karibu 950 kwa mwaka. Takwimu hiyo ilikuwepo, lakini haikuwa kwenye mstari wa faida.

Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na Hatfield, kaskazini mwa London, reli yenye nyufa ilisambaratika vipande zaidi ya 300 chini ya treni ya mwendo kasi. Watu 4 walifariki na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Nyufa hizo zilikuwa zimeshaonekana. Reli ya kubadilishia ilikuwa imeshafikishwa pale, haijafungwa. Kwa kuwa kampuni haikujua ni wapi pengine palikuwa na nyufa kama zile, iliweka amri za kupunguza mwendo zaidi ya 1,200 nchi nzima, na usafiri ukavurugika kwa miezi.

Gharama na fidia za Hatfield zilifika pauni milioni 733, na mwaka huo wa fedha ukaisha kwa hasara ya pauni milioni 534. Hata hivyo Mei 2001 iliwalipa wanahisa gawio la pauni milioni 137. Oktoba 2001 iliwekwa chini ya usimamizi maalumu, kama kampuni isiyoweza kulipa madeni, na Oktoba 2002 Network Rail, isiyo na wanahisa wa kugawiwa, ikachukua njia. Kufikia 2004 matengenezo yalikuwa yamerudishwa ndani kwa wafanyakazi wake. Siku hizi reli zinazovunjika ni chini ya 200 kwa mwaka.

Kwa hiyo tafuta reli zilizovunjika, maeneo ya kupunguza mwendo, umri wa mataruma, na hali ya tuta na mifereji. Mifereji haina mvuto kwa msomaji, lakini inaua. Agosti 2020 huko Carmont, Scotland, mvua kubwa ilisukuma kokoto hadi relini kutoka kwenye mfereji ambao haukujengwa kama ulivyochorwa. Treni ikazigonga kokoto hizo na kuacha reli. Watu 3 walifariki, na mwaka 2023 Network Rail ikapigwa faini ya pauni milioni 6.7.

Hatua ya 4: Soma kuchelewa pamoja na fidia

Uingereza, treni ikichelewa dakika 3 au zaidi, chanzo hutafutwa. Kosa likiwa la njia, mwenye njia humlipa mwendeshaji. Ipo pia fidia ya kufunga njia kwa kazi iliyopangwa. Msizijumlishe pamoja: ya kwanza ni gharama ya kuharibikiwa, ya pili ni gharama ya kutengeneza.

Hatua ya 5: Deni

Septemba 2014 deni la Network Rail liliingizwa kwenye vitabu vya serikali, na tangu hapo mikopo yake mipya hutoka serikalini. Leo linazidi pauni bilioni 50. Sehemu ya deni hilo hupanda na mfumuko wa bei, ndiyo maana bei zilipopaa mwaka 2022 gharama za mikopo nazo zilipaa, pasipo kuongezwa taruma hata moja. Faida au hasara ya mwaka kama huo inasema machache sana kuhusu wahandisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, TRC (Shirika la Reli Tanzania) inamiliki njia na inaendesha treni pia. Nitatenganishaje?

Swali zuri. Kuanzia 2007 Tanzania ilikuwa na RAHCO kwa upande wa njia na TRL kwa upande wa treni. Sheria ya 2017 ikaviunganisha kuwa TRC. Tafuta kwenye maelezo ya hesabu mgawanyo wa njia, abiria na mizigo. Halafu usilinganishe SGR, yaani reli mpya ya kisasa, na reli ya kati ya zamani. Treni za umeme za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza 2024. Njia mpya hudai matengenezo madogo na uchakavu mkubwa wa kihesabu, yaani thamani ya mali inayopunguzwa vitabuni kila mwaka. Udogo huo wa matengenezo ni ujana wa njia, tusiuite ufanisi.

Huku Kenya wengine wanasema SGR inajilipa, wengine ni mzigo. Tumwamini nani?

Ndugu yangu, uliza kila mmoja anazungumzia mstari gani. Mmoja analinganisha nauli na ada za mizigo dhidi ya gharama za kuendesha. Mwingine anaweka mkopo wa 2014 kutoka Exim Bank ya China, takriban dola bilioni 3.2, ambao serikali iliubeba na kuweka ushuru wa reli kwenye bidhaa zinazoingia. Tazama pia mizigo ilifikaje relini. Mwaka 2019 makasha yalielekezwa kwa amri kupanda treni hadi Nairobi, na watu wa Mombasa wakaandamana. Septemba 2022 Rais Ruto akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Tani za kabla na baada ya tarehe hiyo ndizo zitakuonyesha wateja wa hiari ni wangapi.

Ruzuku si ushahidi kwamba shirika limeshindwa?

Hapana. Barabara nazo hulipiwa na umma. Cha kuuliza ni kama kiasi kinajulikana mapema na kinafika kwa wakati, maana huwezi kuagiza mataruma kwa ahadi.

Ripoti ya kwetu haina takwimu za reli zilizovunjika. Nianzie wapi?

Anza na ratiba. Linganisha saa za safari ileile kwa miaka kadhaa. Safari ikirefuka huku vichwa vya treni ni vilevile, kuna sehemu mwendo umepunguzwa. Kisha orodhesha ajali za treni kuacha reli na mahali zilipotokea. Mwisho fuatilia mafuriko: kwa mfano, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kwenye reli ya kati ya Tanzania kimekatwa na maji mara nyingi. Omba takwimu mbili kwa kipande hicho, fedha za kurudishia tuta lililosombwa na fedha za mifereji na makalvati, kwa miaka kumi iliyopita.