Kipimajoto Kikisoma -127: Kusaka Hitilafu kwenye Mikrokontrola

Mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, namwambia aanze na kitu anachokihitaji kweli nyumbani. Mimi nafuga kuku, kwa hiyo changu ni mashine ya kutotoleshea vifaranga: nyuzi 37.5, siku 21, na mayai ya kugeuzwa kila baada ya saa chache. Kazi ya namna hiyo inakufundisha kuandika programu, na zaidi inakufundisha kusaka hitilafu, ambako ndiko wengi wanakokatia tamaa bure.

Tafuta Arduino Uno (ubao wenye mikrokontrola) au nakala yake, kipimajoto cha DS18B20, rezista (kizuia mkondo) ya kilo-omu 4.7, moduli ya rilei (swichi ambayo ubao utaitumia kuwasha na kuzima kileta joto), bredibodi (ubao wa matundu wa kuungia nyaya bila kulehemu) na mita ya umeme. Hela ikipungua, rilei isubiri, mita usiiache. Waya wa USB uhakikishe unapitisha data, maana nyaya nyingine za simu ni za kuchajia tu na kompyuta haitauona ubao hata ukeshe.

Pakia kwanza ile programu ya Blink iliyomo ndani ya Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia kazi kwenye ubao. Taa ndogo ya pini 13 ikiwaka na kuzimika, basi kompyuta, waya na ubao ni vizima, huna haja ya kuvishuku tena. Sasa unga kipimajoto peke yake. Ukikishika upande bapa ukikutazama, mguu wa kushoto ni GND (upande hasi wa umeme), wa kati data, wa kulia umeme wa volti 5. Ukiigeuza miguu kitachemka mara moja, kwa hiyo kiguse, na kikiwa cha moto chomoa upesi. Rezista inakaa kati ya data na umeme. Weka maktaba (programu za wengine unazozitumia ndani ya yako) za OneWire na DallasTemperature, uchapishe joto kwa Serial.println, usome kwenye Serial Monitor, dirisha la IDE linaloonyesha maneno yanayotoka kwenye ubao.

Namba itakayotokea ndiyo inayokuelekeza pa kutafuta.

Ikiwa ni -127, maktaba haikioni kipimajoto kabisa. Hapo programu usiiguse. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye mguu wa GND na nyekundu kwenye mguu wa umeme, kwenye miguu yenyewe ya kipimajoto, si kwenye pini za Arduino. Ukikosa volti 5, kuna waya uliolegea, au reli ya bredibodi yako (ule mstari mrefu wa matundu ya umeme) imekatika katikati; ziko za hivyo. Ukizipata, hamishia ncha nyekundu kwenye mguu wa data, napo pawe karibu na 5. Ukisoma sifuri, rezista haijashika.

Ikiwa ni 85, nyaya ziko sawa. Hiyo ndiyo namba ambayo DS18B20 huamka nayo kabla haijapima chochote, na kupima kwa usahihi wake wote huchukua hadi milisekunde 750. Angalia kama umeita requestTemperatures(), amri ya kukiambia kipime, kabla ya kusoma. Lakini 85 ikichomoza katikati ya kazi, umeme umeyumba.

Kwenye rilei, jaribu kwanza na taa ya volti 12. Umeme wa ukutani mwachie fundi umeme. Moduli nyingi huwaka pini ikiwa LOW (volti 0), kwa hiyo usishangae mambo yakienda kinyume. Andika Serial.println("NIMEAMKA"); ndani ya setup(), sehemu inayoendeshwa mara moja ubao unapowaka. Neno hilo likijirudia kila rilei inapolia "ta!", ubao unazimika na kuwaka upya: ipe rilei chanzo chake cha umeme, GND ziunganishwe pamoja. Na ili rilei isihangaike, iwashe chini ya 37.3 na kuizima juu ya 37.7.

Kisha kugeuza mayai kila saa 4. Ukiandika 4 * 60 * 60 * 1000, hesabu ni halali lakini Uno ya kawaida (R3) huzihesabu namba hizo kwa biti 16, mwisho wake 32,767. Ichapishe utaona -17920, na mayai hayatageuka. Andika 4UL * 60 * 60 * 1000 (UL huifanya namba iwe ya biti 32), upate 14,400,000, ambazo ni milisekunde za saa 4, na muda uupime kwa millis(), inayohesabu milisekunde tangu ubao uwake, badala ya delay(), inayousimamisha ubao, ili joto liendelee kusomwa wakati saa za kugeuza zinahesabika.