Usishushe makuti yote: somo la popo wa njano kutoka Kambodia

Kwetu mtu akipanda mnazi kuusafisha, makuti makavu ndiyo ya kwanza kuangushwa. Kambodia, nchi ya kusini-mashariki mwa Asia, kwenye vijiji vya mikoa ya Kandal na Takeo, wapo wakulima wanaofanya kinyume. Huyakusanya majani makavu ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, na kuyafunga mafungu mafungu juu ya shina, chini kidogo ya kichwa cha mti, yakaning'inia kama paa la banda lililogeuzwa. Chini yake hutandaza chandarua au turubai. Kazi iliyobaki ni ya popo.

Popo huyo kitaalamu huitwa Scotophilus kuhlii. Ni mdogo, uzito wake kama gramu 20, mgongo kahawia na kifua chenye unjano. Mchana hulala amejibana katikati ya majani hayo makavu, kundi zima pamoja. Giza likianza kuingia hutoka kuwinda mbawakawa, nondo, kumbikumbi na vijidudu vingine virukavyo, akiwatafuta kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe, ambayo sikio letu haliisikii. Embe halimhusu, wala ndizi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mwenye miembe akisikia neno popo mkono unakwenda kwenye jiwe. Wale wa maembe ni wengine, wakubwa zaidi, wenye sura kama mbwa.

Jike huzaa mtoto mmoja, mara nyingine mapacha, na mtoto hunyonya. Mama akienda kuwinda humwacha akining'inia kwenye majani. Kwa hiyo ukibadilisha majani wakati kuna watoto wasioweza kuruka, utawaua na kundi litahama. Subiri mpaka wameanza kuruka, kisha badilisha mti mmoja mmoja ili wapate pa kuhamia. Majani yaliyooza hayawashiki. Popo hupenda makavu, yenye mikunjo mingi ya kujificha.

Kinachoangukia turubai ndiyo mali: samadi yenye naitrojeni nyingi, ambayo Wakambodia huitumia shambani au huwauzia wakulima wa mboga na matunda. Ina nguvu, hivyo ichukulie kama samadi ya kuku: mbichi huunguza miche. Ichanganye na mboji uiache ikomae, kisha weka kiasi kidogo pembeni mwa shina na ufunike kwa udongo. Ukitaka kujua kama ni ya popo au ya panya, iviringe ikiwa kavu kati ya vijiti viwili. Ya popo husagika ikawa vumbi linalometameta, maana ni mabawa na magamba ya wadudu; ya panya hubaki ngumu.

Sasa upande wa tahadhari, na hapa sitanii. Mti wa popo usiwe juu ya uwanja wa nyumba. Vijijini Kambodia mivumo mingine ya popo imesimama hatua chache kutoka jikoni, kuku na watoto wanapita chini yake, na hilo mimi nisingelikubali. Chagua mti wa mbali, inua turubai lisifikiwe na kuku wala mbwa, na mitungi ya maji iwe na vifuniko. Unapokusanya, vaa barakoa, glavu na viatu vya kufunika, na nyunyiza maji kidogo kwanza ili vumbi lisipande. Linaweza kuwa na vimelea vinavyoshambulia mapafu. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu popo anaweza kubeba kichaa cha mbwa au virusi vya jamii hiyo. Na mti unaogemwa usifungwe makuti ya popo kabisa. Kibuyu cha tembo kiko wazi usiku kucha.

Afrika Mashariki tunao ndugu zake, popo wa njano wa jamii hiyohiyo ya Scotophilus, na wengi wao wamo juu ya dari zetu. Mvumo nao tunao, ndugu wa ule wa Kambodia. Ila sikushauri ukimbilie kufunga majani leo ukitegemea samadi kesho, kwani hakuna anayeweza kumwamrisha popo ahamie. Anza kwa kuacha makuti makavu kwenye mti mmoja ulio mbali, na upunguze kupulizia viuatilifu jioni karibu nao. Mapangoni usiende kuchota samadi hata kidogo: popo wa matunda wanaolala huko ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg, vya homa kali ya kutoka damu, vilivyoua watu Kagera, Tanzania, mwaka 2023.

Kama tayari una popo darini, usizibe matundu wakati wa watoto. Ngoja wakubwa wao na wadogo wote watoke usiku, ndipo uzibe, ukiwa umeshawaachia ule mti.